Pampu Isiyotoa Sauti

Fundi Sikio alikuwa amelala chali chini ya gari lake mwenyewe, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni, maana kwa miaka arobaini alikuwa amelala chini ya magari ya watu. Gari lenyewe lilikuwa kongwe, rangi ya maziwa yaliyochacha, na milango yake haikukubali kufungwa mpaka uibamize mara mbili. Halikuwa limetoka uani tangu mkewe azikwe. Halikuwa bovu. Kwenye tambarare lilikwenda kama kawaida, ila likiona mlima tu lilimwaibisha mbele za watu.

Jina la Sikio hakupewa na mamaye. Alipewa na madereva. Zamani, mtu akipita na gari barabarani, fundi akiwa ndani anakunywa chai, alikuwa akiinua kichwa na kusema, "Huyo valvu zake zimelegea, wiki ijayo atakuja." Na wiki ijayo mtu anakuja. Mita ya kupimia umeme hakuwahi kuwa nayo. Taa ya kupimia waya hakuwahi kuwa nayo. Wenye vifaa hivyo alikuwa akiwacheka. "Nyie mnapima kwa macho," alisema, "mimi nasikiliza." Mashine kwake ilikuwa kitu kinachosema, na kazi ya fundi ni kunyamaza tu isikike.

Kilichomlaza chini ya gari Jumanne ile ni dada yake.

Dada yake mkubwa ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, na ndiye binadamu pekee aliyebaki duniani anayeweza kumwambia, "Wewe kaa chini," naye akakaa. Alikuwa mjane, upande wa pili wa mlima, katika nyumba ya mdogo wa marehemu mumewe. Sasa kijana wa nyumba ile alikuwa anaoa, na chumba cha dada kilikuwa kinatakiwa. Shemeji mwenyewe alikuwa amepita wiki mbili nyuma, akasimama getini akamweleza fundi uso kwa uso.

"Sisi hatumfukuzi, shemeji. Usije ukatuelewa vibaya."

"Sijakuelewa vibaya."

"Binti yake yuko tayari kumchukua. Lakini yeye anakutaka wewe. Amenituma nikuambie hivi, na nayasema kama alivyoyasema: aje anichukue yeye Ijumaa, na gari lake, maana ngazi za basi nyonga yangu haizitaki. Asipokuja, binti yangu atanipandisha kwenye ghorofa yake ya tatu. Na mimi nikipandishwa, sishuki."

Fundi alimwambia shemeji wasilitie shaka hilo. Shemeji alipoondoka, akaingia kwenye chumba kilichokuwa cha mkewe, akapaka kuta chokaa, akakata miguu ya kitanda kwa msumeno ili kiwe cha kukalia bila kupanda, akafunga bomba la chuma ukutani la kushikia. Kisha akasimama katikati ya chumba akakitazama. Nyumba ile ilikuwa imepoa muda mrefu. Tangu afiwe ilikuwa hata mvua ikinyesha, inanyesha kwa adabu, haipigi bati kama zamani. Majirani nao walikuwa wameacha kubisha hodi. Alikuwa anapika sufuria moja ndogo, anakula akiwa amesimama, anaosha kijiko kimoja. Alijiambia ndivyo ukiwa ulivyo: mtu anafiwa, na dunia inashusha sauti.

Basi, gari. Ugonjwa wake aliujua fika. Pampu ya kizamani inafungwa ubavuni mwa injini na inasukumwa na injini yenyewe. Ndani ina ngozi ya mpira inayopanda na kushuka. Inavuta petroli kutoka kwenye tangi huko nyuma kama mtu anayenyonya kwa mrija mrefu. Mlimani, injini ikipata moto, petroli inachemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke kabla haijafika, na pampu inabaki kunyonya hewa. Dawa yake ni pampu ya umeme. Hiyo inafungwa nyuma, jirani na tangi, nayo haivuti, inasukuma.

Asiyejua kazi huchukua waya mwembamba kutoka kwenye swichi ya ufunguo, akaupeleka nyuma, akakaa kifua mbele. Baada ya miezi miwili swichi inaungua, anaanza kumlaumu shetani. Fundi Sikio alichukua waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akauwekea fyuzi, akaupitisha kwenye rilei, swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Ufunguo hapo kazi yake ni kuiamuru rilei tu, kama bosi asiyebeba mzigo; anayebeba ni rilei. Akafunga pampu kwenye chesisi, chini yake akaweka mpira isitetemeshe bodi. Waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, akaufungia kwenye chuma alichokwangua rangi mpaka kikang'aa.

Na hapa ndipo palikuwa na desturi yake. Fundi huyu hakuwahi kuipa pampu petroli kabla haijalia. Kwanza umeme, sauti kidogo tu, pumzi mbili, kisha unazima na kuunga mabomba. "Isiyosema usiilishe," ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake, na wao walikwenda nayo hivyo hivyo kwenye gereji zao.

Akakaa kwenye kiti cha dereva, akageuza ufunguo, akainamisha kichwa.

Kimya.

Akageuza tena. Kimya. Hata ule mlio mdogo wa rilei, tiki, haukuja. Akaona hiyo ni rilei. Akaitoa, akaweka nyingine aliyokuwa nayo kabatini. Kimya. Akashuka, akafungua arthi, akakwangua tena kwa msasa, akakaza. Akarudi kwenye kiti. Kimya. Jumanne ikaisha hivyo. Jumatano asubuhi akachomoa waya kwenye pampu, akageuza ufunguo, akaugusisha waya kwenye chuma, cheche zikaruka kama viroboto. Umeme ulikuwa unafika. Sasa kama umeme unafika, rilei iliyokufa ilikuwa inaupitishaje? Swali hilo lilimjia, akalifukuza. Alikuwa amekwisha kuhukumu. Pampu ni mbovu, kauziwa mzoga.

Akaifungua, akaifunga kwenye kitambaa, akachapa mguu mpaka duka la vipuri.

Mwenye duka alikuwa jitu la maneno, lililozoea kupayuka kushinda magari ya barabarani. "Karibu, fundi! Mbona umevimba hivyo?"

"Umeniuzia maiti."

"Maiti gani tena?"

"Hii. Haitoi pumzi."

"Pampu nimeitoa kwenye boksi mbele ya macho yako, fundi! Lete hapa." Akaivuta, akachukua nyaya mbili zilizokuwa kwenye betri pale chini ya meza, akazigusisha.

Fundi Sikio aliinamisha kichwa kusikiliza. Hakuna. Akafungua kinywa aseme, "Si unaona?" Lakini macho yake yakamwona dereva mmoja wa lori, aliyekuwa ananunua chujio la oili, akikunja uso na kuziba sikio kwa kidole.

"Loo!" dereva yule alisema. "Inalia kama ndama aliyenyimwa titi."

Mteja mwingine aligeuka kutazama. Mwenye duka alikuwa anatabasamu, nyaya mkononi. Fundi akanyoosha kiganja akakiweka juu ya pampu. Ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa inatetemeka kwa nguvu, vizuri, sawasawa, kama pampu nzima isiyo na dosari.

"Haya sema, inafanya kazi au haifanyi?"

"Sasa imekubali," fundi alisema. "Kule nyumbani ilininunia."

"Pengine haikuipenda sura ya gari lako!"

Mabega ya watu yakacheka. Fundi aliyaona mabega, naye akacheka. Mwenye duka alipokuwa anaifunga pampu kwenye kitambaa, aliinama karibu na kushusha sauti, kwa hiyo fundi akalazimika kumtazama midomo.

"Ulikuwa huisikii?"

"Nani? Mimi?"

"Nauliza tu, mzee wangu."

"Mimi ndiye Sikio, bwana," alijibu, akaondoka na pampu yake kwapani.

Nyumbani alifunga mlango, akaanza kujipima, yeye aliyekuwa akiwacheka wanaopima. Akaangusha spana kwenye sakafu: aliisikia, lakini kama iliyoangushwa nyumba ya tatu. Akaangusha ufunguo wa gari: hakuna. Akafungua bomba la maji kwenye ndoo. Maji yakashuka bila neno, kama maji ya kwenye picha. Akaishusha saa ya ukutani akaibandika sikioni. Alikuwa akidhani ile saa iliacha kupiga tiki kwa uzee. Mshale ulikuwa unatembea.

Alikaa kitandani, saa mapajani. Basi mvua haikuwa na adabu yoyote. Na wale majirani, na hodi zao... Hakutaka kulifikisha wazo hilo mwisho wake.

Akatoka uani. Akaiweka pampu juu ya tofali, bomba moja kwenye kopo lenye petroli, jingine kwenye kopo tupu, akaunga nyaya. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya pampu, mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Sauti ikapanda. Haikupita njia ya sikio. Ilipita mfupani, ikaingia kwenye fuvu, nene na laini. Aliiacha petroli ihame kopo hadi kopo, akairudisha, akaiacha ihame tena, zaidi ya ilivyohitajika kwa kazi. Ilikuwa sauti ya kwanza kukaa naye baada ya muda mrefu.

Ndipo alipoikumbuka simu. Ilikuwa dirishani, mahali pake pa siku zote. Simu ndogo ya vibonyezo, ambayo yeye hakuwa na tabia ya kuitazama. Ikilia ndiyo alikuwa akiichukua. Akaiwasha kioo. Dada yake alikuwa amepiga mara kumi na moja tangu Jumapili.

Ujumbe wa kuandika dada hakuwa anaweza. Macho yake yalikuwa na ukungu, namba ya mdogo wake aliibonyeza kwa kupapasa. Fundi akakaa na simu mkononi akifikiri. Kabla hajaamua lolote, ikatetemeka. Akaipokea.

Ndani ya simu mlikuwa na nzi ndani ya chupa.

"Dada!" alipaza sauti. "Shikamoo! Nakuja Ijumaa!"

Nzi akalia.

"Ndiyo, Ijumaa! Gari liko tayari!"

Nzi akalia kwa nguvu, akapanda, akashuka, akarudia kitu kile kile mara mbili, tatu. Fundi aliikandamiza simu mpaka sikio likauma. Palikuwa na nafasi hapo ya kusema maneno mawili tu. Yalimfika kooni. Lakini dada huyu ndiye aliyekuwa akijitapa kwa wakwe zake kwamba mdogo wake anasikia ugonjwa wa gari likiwa bado kilimani.

"Nimekuelewa, dada, nimekuelewa! Ijumaa, asubuhi na mapema nang'oa!"

Nzi akanyamaza. Fundi alipoitazama simu, kioo kilikuwa kimezima. Akajiambia kwamba dada ameridhika.

Alhamisi alirudi chini ya gari. Alikuwa anakaza mkanda wa bomba nyuma ya tangi alipoguswa mguu, akaruka na kugonga paji la uso kwenye chesisi. Akajivuta nje. Alikuwa jirani yake, mama mshonaji, na futi yake ya kupimia shingoni.

"Pole, mzee! Nimeita getini, nimeita pale mlangoni, nimekuita hapa juu ya kichwa chako mpaka koo limenikauka."

"Nilikuwa na mawazo."

"Mwaka mzima una mawazo? Mimi niliacha kubisha hodi kwako kwa sababu hiyo. Nikasema, huyu tangu mama afariki hataki watu. Wengine wanasema maringo."

"Maringo ya nini, na sura hii?"

Mshonaji alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamtazama yeye, akalitazama gari, akautazama mlango wa chumba uliokuwa wazi na kuta nyeupe. "Nimeleta mapazia uliyoniagiza ya kile chumba. Kuna shida yoyote nikusaidie? Kuna mtu wa kumpigia, kitu cha kubeba?"

Simu ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yake. Ingemchukua mama yule dakika mbili.

"Hakuna shida," fundi alisema. "Ahsante, mwanangu."

Akarudi chini. Aliunga mabomba, akaondoa pampu ya zamani kwenye injini na kuziba tundu lake kwa bamba la chuma na gasketi. Akageuza ufunguo, akashuka, akalala chini na bisibisi yake mfupani: inasema. Akawasha. Gari likashika mara moja, akalijua kwa makalio, kwa jinsi kiti kilivyotetemeka.

Ijumaa aling'oa na mapambazuko. Alikwenda tambarare yote bila papara, na jua lilipopanda akaanza mlima. Kona ya kwanza, ya pili, ya nne. Malori yalikuwa yamejipanga yakikohoa moshi, madereva wamefungua boneti, yeye akayapita. Akafika kwenye ile kona iliyo juu kabisa, ambapo gari lilimzimikia na mkewe ndani, wakakaa saa mbili kwenye jiwe wakisubiri bomba lipoe, mkewe akimcheka mpaka machozi. Akakanyaga mafuta. Gari likavuta, likavuta, likatoka juu kama kijana. Alipiga usukani kwa kiganja.

"Umeona?" alisema kwa sauti, akageukia kiti cha pembeni.

Akaendelea na safari.

Saa tano alikuwa kwenye nyumba ya shemeji. Uani palikuwa na viti vimepangwa vya harusi, na mlango wa chumba cha dada ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na kitanda kipya chenye nailoni bado, na kwenye sakafu, alama nne za miguu ya kile kitanda cha zamani.

Shemeji alitokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono. Alipomwona alisimama kwanza, hakuja kumpa mkono.

"Umekuja kufanya nini, shemeji?"

"Si Ijumaa leo?"

"Harusi iliwahishwa. Chumba kilitakiwa jana. Dada yako amekupigia tangu Jumapili, Jumatano ukapokea. Nilikuwa nimekaa pale pale, nimesikia kwa masikio yangu. Anakuambia Alhamisi, unamjibu Ijumaa. Anakwambia Ijumaa nitakuwa nimehamishwa, unasema nimekuelewa. Alipokata simu aliiweka chini. Kisha akasema, mpigieni binti yangu."

Fundi Sikio alikuwa ameyafuata maneno yote kwenye midomo ya shemeji, moja baada ya jingine. Alitaka mengine yawe yamempita. Hayakumpita.

"Mpigie," alisema.

"Mpigie wewe. Ni dada yako."

"Mpigie wewe, shemeji, tafadhali, useme mimi nitakavyokuambia."

Shemeji alimtazama kwa jicho la kutomwelewa, lakini akatoa simu. Akaongea kidogo, akasubiri, akaongea. "Yupo. Anauliza unataka nini."

"Mwambie sikusikia."

"Anasema simu ilikuwa safi kabisa."

"Simu ilikuwa safi. Mwambie..." Watu wa harusi walikuwa wanapita na masufuria. "Mwambie mdogo wake ni kiziwi."

Shemeji aliteremsha simu kidogo, akamtazama, kisha akairudisha sikioni na kuyasema maneno hayo polepole. Akasikiliza. Fundi aliutazama uso wake kama mtu anayesoma barua juu ya bega la mwingine.

"Anauliza tangu lini."

"Mwambie sijui. Mwambie hiyo nayo sikuisikia ikianza."

Shemeji akasikiliza tena, muda mrefu sasa, nyusi zikimpanda.

"Analia?" fundi aliuliza.

"Halii. Anakutukana."

"Ananitukana vipi?"

"Matusi ya kwenu hayo, siwezi kuyarudia mimi mkwe." Akasikiliza tena. Akazungumza. Akasikiliza. Safari hii uso ulimlainika, na fundi akaogopa kuliko alivyoogopa yale matusi. "Anasema jana amepandishwa na vijana wanne akiwa kwenye kiti, kama bibi harusi. Anasema wamefika juu wote wanne wamekaa chini. Hashuki, shemeji. Anasema hata ungekuja na ndege."

"Nimemtengenezea chumba. Mwambie kitanda nimekikata miguu."

"Nimemwambia umekuja na gari. Amesema amefurahi kwamba gari limepanda. Lakini hashuki." Shemeji aliweka mkono juu ya simu, ingawa hapakuwa na haja. "Anasema uende wewe. Leo, kesho, ukipenda. Kuna godoro. Anasema ukikaa naye karibu, yeye ataongea kwa nguvu na wewe utamsomea dawa zake. Halafu utarudi kwako."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alitazama alama nne za kitanda pale sakafuni, akazitazama tena, kisha akageuka.

"Ni mbali?"

"Mwendo wa saa nne kwa gari zuri. Ukitoka hapa unashika barabara ya kushoto, ukivuka daraja la pili, kuna—"

"Usiniambie, shemeji," fundi alisema. "Niandikie."

Shemeji akaingia ndani kutafuta kalamu. Akarudi na karatasi ya mwaliko wa harusi iliyobaki, akaigeuza, akaiweka juu ya boneti lililokuwa bado la moto, akaandika kwa herufi kubwa, akichora madaraja na kona. Fundi alisimama kando yake akiifuata kalamu kwa macho, na kila mstari ulipokwisha alitikisa kichwa.